Mkamwana na Kidonge cha Presha

11 Machi

Trekta ya jirani yangu Simiyu imelima shamba la chini leo, kesho itamaliza la juu. Udongo ungali mkavu na unatoka mabonge makubwa. Nimeamua kuandika kidogo kidogo msimu huu kwa sababu tangu nistaafu ualimu siku zimekuwa zikifanana, na sipendi kuulizwa tulipanda lini nikose jibu.

Nyumbani tuko wawili, mimi na Jeruto, mke wa mwanangu Griffin. Griffin anafanya kazi Kakamega mjini, amepanga chumba Amalemba, na huku Matete huja wikendi akipata nafasi. Jeruto ni mtu wa Kipkaren, Mkalenjin, mchapakazi, na hasemi sana. Tunaelewana. Sijasema tunapendana.

Nimetoka kliniki. Presha imeshuka vizuri. Muuguzi amesema niendelee na enalapril, kidonge kimoja kila asubuhi, kama nilivyoanzishiwa baada ya Krismasi.

16 Machi

Upepo na vumbi. Mvua hakuna.

23 Machi

Leo limenipata jambo la ajabu. Griffin alikuwa amekuja, kwa hivyo Jeruto alichinja kuku akatupikia ingokho na obusuma, ugali wetu. Tulikula vizuri. Baada ya kutoa vyombo nikahisi mdomo wa juu unakaza, kama mtu aliyedungwa ganzi ya jino. Nikadhani nimejiuma. Nilipojitazama kwenye kioo mdomo ulikuwa umefura upande mmoja hadi karibu na pua. Hauwashi, hauna kipele, hauumi sana. Umefura tu.

Griffin alikimbia duka la dawa akarudi na Piriton, vidonge vya mzio. Nikameza, nikalala.

Jioni alipita Edah, dada ya marehemu mume wangu. Boma lake liko ng'ambo ya barabara na hakuna kinachotokea kwangu asikijue.

"Mulamwa, umekula nini?" akauliza; ndivyo tunavyoitana mawifi.

"Kuku."

"Nani alipika?"

Nikamwambia. Akanyamaza, lakini kwa namna ya mtu anayetaka usikie kwamba amenyamaza.

24 Machi

Mdomo umerudi ulivyokuwa. Jeruto ameniletea uji na kuuliza kama kuna kiungo kwenye kuku ambacho sikukizoea. Nimemwambia hapana, viungo vilikuwa vilevile vya siku zote.

29 Machi

Mvua ya kwanza, alasiri. Imenyesha kwa fujo, ikakatika ghafla.

2 Aprili

Tumepanda. Jeruto anatangulia na mbolea, mimi nafuata na mbegu, akina mama wawili tuliowakodi wanafukia. Magoti yananiuma lakini kazi imeisha kabla ya mvua ya saa tisa.

12 Aprili

Jana Kiprono, kaka yake Jeruto, alileta kibuyu cha mursik. Nilikunywa kikombe kimoja usiku kwa sababu ya heshima, na pia kwa sababu nimeanza kuyapenda yale maziwa. Leo nimeamka midomo yote miwili imefura na shavu la kushoto pia. Jicho lenyewe limekuwa dogo.

Edah alifika kabla sijanywa chai. Sijui nani alimwambia.

"Mara ya pili hii," alisema. "Mtu anavimbanga mdomo bure? Na maziwa yenyewe yametoka wapi? Wewe unakunywanga vitu vya watu bila kuuliza."

"Hata Jeruto alikunywa."

"Kutoka kikombe chako?"

Kijana wa duka la dawa amesema ni mzio wa chakula. Niache mayai, samaki, njugu na maziwa, kisha nirudishe kimoja kimoja. Nimenunua Piriton nyingine.

13 Aprili

Nimefura kidogo tu leo. Nimemwaga mursik iliyobaki nyuma ya choo. Nilipogeuka, Jeruto alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Akaenda zake kisimani.

20 Aprili, Pasaka

Jeruto ameenda kwao kwa sikukuu. Nimekula kwa Edah: nyama, chapati, hata mayai. Sikufura popote.

"Umeona?" Edah aliniambia akininawisha mikono.

24 Aprili

Sasa ninajipikia. Nimemwambia Jeruto tumbo linanisumbua. Hakuamini, ila amekubali. Ameacha kugusa kikombe changu. Akiosha vyombo, changu anakiacha pembeni nikioshe mwenyewe.

Ni ajabu jinsi mtu anavyobadilika machoni pako bila yeye mwenyewe kubadilika. Zamani akiamka mapema kuliko mimi nilisema ana bidii. Siku hizi nikisikia mlango wa jikoni alfajiri najiuliza anafanya nini huko peke yake. Akinyamaza, zamani niliona ni adabu. Sasa naona ananificha kitu.

27 Aprili

Leo niandike yote.

Kikundi cha maombi cha akina mama kilikuwa kwangu. Sebule ilijaa, wengine wakakaa kwenye viti vya plastiki nje ya mlango. Griffin alikuwapo. Jeruto alitengeneza chai, akaipitisha kwa kila mtu. Nilitaka kukataa lakini watu walikuwa wananitazama, nikanywa.

Tulikuwa katikati ya maombi niliposikia mdomo wa chini unakaza. Nikaufunika kwa leso. Edah, aliyekuwa ameketi karibu nami, alifumbua macho, akautoa mkono wangu usoni mbele ya watu wote.

"Ndugu zangu, tuache kuomba kidogo," akasema. "Tazameni. Hii ni mara ya tatu. Huyu ni mke wa marehemu kaka yangu, na kuna mtu katika nyumba hii anamwekea kitu kwa chakula. Siongei kwa uongo. Mwalimu, sema mwenyewe."

Wote wakanigeukia. Jeruto alikuwa amesimama kando ya meza, ameshika sinia.

Ningeweza kusema sijui. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli. Lakini nilikuwa naogopa, na mdomo ulikuwa unaendelea kufura, na nikasikia sauti yangu ikisema, "Kila ninapofura, nimekula kilichotoka mkononi mwake."

"Mama," Jeruto akasema, "chai imetoka kwa thamosi moja. Wote wamekunywa."

Akamtazama Griffin. Griffin alikuwa anaangalia zulia.

Jeruto aliweka sinia mezani polepole, vikombe visigongane, akatoka.

28 Aprili

Kiprono amekuja asubuhi na pikipiki. Jeruto alibeba begi moja tu. Alipita kwangu nikiwa nimekaa kwenye ngazi, akasema, "Ubaki salama, Mwalimu." Kwa muda wote aliokaa hapa alikuwa ananiita Mama.

Griffin amerudi mjini bila kunywa chai.

4 Mei

Mvua tangu adhuhuri. Mahindi yameota vizuri, isipokuwa kona ya bondeni ambako maji yametuama.

11 Mei

Palizi ya kwanza. Sijafura tangu Jeruto aondoke. Edah anaitangaza habari hiyo kanisani kama ushuhuda wake. Nami nalala vizuri, siwezi kukataa. Ila nyumba imekuwa kubwa kuliko nilivyodhani, na jioni najikuta nikipika obusuma ya watu wawili.

15 Mei

Viwavi kwenye mahindi. Nimepulizia dawa.

17 Mei

Griffin hakuja tena. Simu anapokea, anajibu "sawa Mama" kwa kila kitu.

22 Mei, hospitalini

Wamenirudishia simu na kalamu. Naweza kukaa.

Jumatatu asubuhi niliamka vizuri. Nikameza kidonge changu cha presha kwa maji, nikaenda kuwafungulia kuku. Sikuwa nimekula chochote tangu jioni, na jioni nilikula viazi vitamu nilivyovichimba na kuvichemsha mwenyewe. Nilipokuwa kwenye banda mdomo ukaanza. Nikasema moyoni, haiwezekani. Kisha ulimi nao ukaanza.

Sikuwahi kujua ulimi unaweza kujaa kinywa. Nilijaribu kumwita Simiyu, jirani yangu, kwa simu; akapokea, nikaongea, lakini kilichotoka ni sauti ya ng'ombe. Nikakata. Mate yalikuwa yananitiririka kwa sababu sikuweza kumeza. Nikatoka hadi barabarani nikiwa na gamboti na leso ya kulalia, na kumbe Simiyu alikuwa tayari anakuja na pikapu yake, kwa kuwa ile sauti ilimtisha.

"Usiongee, Mwalimu," alisema. "Pumua tu. Kaa wima, usilale."

Barabara ilikuwa tope tupu. Mara mbili gari liliteleza hadi ukingoni. Sikuomba, nisiseme uongo. Nilikuwa nikifikiria kitu kimoja tu: nani amenipikia leo? Nikajibu: hakuna. Jeruto yuko Kipkaren. Viazi ni vyangu, sufuria ni yangu, maji ni ya kisima changu. Kadiri koo lilivyozidi kubana ndivyo jambo hilo lilivyozidi kuwa wazi, na liliniogopesha kuliko pumzi iliyokuwa inakatika.

Hospitalini walinivalisha barakoa ya oksijeni, wakanidunga paja, wakanidunga mkono. Daktari ni mwanamke kijana, anaitwa Cherop. Nilimsikia akimwambia muuguzi kwamba ulimi usiposhuka watapitisha bomba kooni, na waliochelewa kwenye bomba ndio hufa. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa. Alisimama kando yangu karibu asubuhi nzima. Bomba halikuhitajika. Ulimi ulishuka taratibu, na kesho yake nikaweza kuongea.

Ndipo akaja na kiti.

"Ulikula nini kabla ya kuvimba?"

Nikamweleza viazi. Nikamweleza pia kuku, mursik na chai, na nikamweleza kuhusu mkamwana wangu. Alisikiliza bila kuandika.

"Na dawa unazotumia?"

"Ya presha tu. Enalapril."

Alinitazama kidogo. "Tangu lini?"

"Baada ya Krismasi."

"Kabla ya hapo ulikuwa umewahi kuvimba hivi?"

"Hapana."

"Ukivimba, ngozi inawasha? Unatoka vipele?"

"Hapana."

"Basi si chakula, Mama. Ni hiyo dawa."

Nikamwambia haiwezekani, kwa sababu naimeza kila siku na sifuri kila siku. Nimekaa wiki nzima nzima bila kufura.

"Ndivyo inavyofanya," akasema. "Kuna kitu mwili hutengeneza, kinachofungua mishipa midogo, halafu mwili wenyewe hukivunja. Enalapril hushusha presha, lakini pia huzuia kile kitu kisivunjwe. Kwa watu wachache kinajikusanya, maji yanavuja chini ya ngozi, mdomo au ulimi unafura. Inaweza kutokea wiki ya kwanza, inaweza kutokea baada ya miaka. Inakuja na kwenda yenyewe. Ndiyo maana ulidhani Piriton imekusaidia. Ingeshuka hata bila Piriton."

"Na wengine wanaoimeza?"

"Wengi hawapati shida yoyote. Wengine hupata kikohozi kikavu kisichoisha. Wanaofura hivi ni wachache, ila sisi Waafrika tunafura zaidi ya wengine. Ni dawa nzuri, imeokoa watu wengi. Kwako wewe haifai. Na ndugu zake wote hawafai: kaptopril, lisinopril, ramipril. Ukisikia jina linaishia na pril, kataa."

"Kwa hivyo chakula hakikuhusika."

"Hakikuhusika."

Nilimwomba aseme tena. Akadhani sisikii vizuri, akainama karibu na sikio langu, akasema polepole, "Hakuna aliyekuwekea kitu, Mama."

25 Mei

Nimetoka. Nimebadilishiwa, sasa natumia amlodipine. Nimepewa kadi ya kubeba inayosema nisipewe ile nyingine wala jamaa zake. Daktari amenikataza pia diclofenac ninayonunua dukani kwa ajili ya magoti. Inapandisha presha na kuharibu figo, nami nilikuwa nikiimeza kama peremende.

Griffin alinileta nyumbani. Tulikaa sebuleni.

"Siku ile ya maombi," nikamwuliza, "ulidhani ni kweli?"

"Hapana. Niliona watu wote wanakunywa chai ileile."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ni mamangu." Akafikiria. "Na yeye ni mke wangu. Nikashindwa kufungua mdomo."

Siwezi kumlaumu. Wa kufungua mdomo nilikuwa mimi, na niliufungua.

Edah alikuja na ndizi. Nikamweleza alichosema daktari, yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Madaktari wanasemanga tu," akasema. "Na hata kama ni dawa, si ubaya msichana ameenda kwao. Watu wake si watu wetu."

Nimemjua Edah tangu niolewe. Sikuwahi kufikiri kwamba kufura kwangu kulikuwa kumempa alichokuwa anakitafuta.

31 Mei

Tumeenda Kipkaren, mimi na Griffin. Mama yake Jeruto, Jelagat, alitupokea kwa heshima zote na kutuketisha. Jeruto alitoka shambani na tope miguuni. Hakuketi.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani lakini yote yaliniponyoka. Nikasema tu kwamba ilikuwa dawa, kwamba yeye hakunifanyia chochote, na kwamba nimekuja kuomba msamaha.

"Griffin alinieleza kwa simu," akasema.

"Nilitaka usikie kutoka kwangu."

"Nimesikia, Mwalimu. Lakini hapa tuko watu wanne. Kule ilikuwa nyumba nzima. Juzi nilienda soko la Matete kuuza mboga. Mwanamke akachukua sukuma zangu, akaniangalia, akazirudisha."

Mama yake alisema kitu kwa Kikalenjin, taratibu. Jeruto akatikisa kichwa.

"Unataka nifanye nini?" nikamwuliza.

"Sema kule ulikosemea."

Sikumwuliza kama atarudi. Haikuwa haki yangu kuuliza.

3 Juni

Tumeweka mbolea ya kukuzia. Mahindi yamenifika kiunoni.

8 Juni

Niliomba kikundi kije kwangu ingawa haikuwa zamu yangu. Walikuja wengi, nadhani kuona kama bado niko hai. Edah alikaa karibu na mlango.

Kabla ya maombi nikasimama. Mwalimu ni mwalimu. Nilishika pakiti tupu ya enalapril nikaanza kama ninafundisha somo. Nikawaeleza dawa hiyo inafanya nini, inasaidia watu gani na ilinifanyia nini mimi. Nikawaambia mtu asiache dawa ya presha kwa kuogopa hadithi yangu, maana presha isiyotibiwa huua kimya kimya. Lakini akifura mdomo au ulimi aende hospitali siku hiyohiyo, na aseme dawa anazomeza.

Halafu nikafika pale palipokuwa pagumu.

"Mwezi wa nne nilisema katika chumba hiki kwamba Jeruto ananiwekea kitu kwenye chakula. Nilimsingizia. Sikuwa na ushahidi wowote, nilikuwa na uoga. Nilipokaribia kufa, nilikuwa nimekula viazi vyangu mwenyewe. Mkiambiwa habari zake sokoni, mseme mmenisikia mimi nikikana."

"Mwalimu," Edah akasema, "hayo si ya kuongelea hapa."

"Yaliongelewa hapa," nikamjibu.

Aliinuka akatoka. Wengine waliangalia mikono yao. Mmoja akaanzisha wimbo, tukaimba, tukaomba, wakaondoka haraka kuliko kawaida. Hakuna aliyenipongeza na sikutarajia.

Mama Masinde alibaki kunisaidia kubeba viti. Tulipokuwa peke yetu alivipanga, akavipangua, akavipanga tena.

"Na wangu umefura," akasema mwishowe.

"Nini?"

"Mdomo. Wakati wa Pasaka, halafu tena juzi. Nikasema ni mke mwenzangu. Alikuwa amenipa maharagwe. Tangu hapo hatusalimiani, na watoto wake nimewakataza kukanyaga kwangu."

"Unameza dawa ya presha?"

"Nameza. Jina silijui. Ni kidogo, ya asubuhi."

Nikamwambia kesho aje nayo, tuende pamoja.

9 Juni

Ilikuwa enalapril. Pakiti ya rangi nyingine, ya kampuni nyingine, jina lilelile. Kliniki wamembadilishia na kumwandikia kadi kama yangu. Tulipoachana njiani akauliza:

"Sasa huyu mwenzangu nitamwambiaje?"

Nilimwambia sijapata njia ya kulisema isiyouma. Aseme tu mapema.

12 Juni

Vifundo vya miguu vimefura. Nilishikwa na hofu hadi nikaenda kliniki na malapa. Muuguzi amesema amlodipine hufanya hivyo kwa watu wengi. Si ule ugonjwa wa ulimi, haifungi pumzi. Niinue miguu nikikaa, na ikizidi watapunguza kipimo. Kila dawa ina lake. Afadhali nimeuliza.

15 Juni

Griffin amekuja na gari la kukodi, na Jeruto alikuwa ndani.

Hakuingia nyumbani kwanza. Alizunguka shamba lote peke yake, akashuka hadi kona ya bondeni, akarudi. Kisha akaniambia wameamua: ataishi na Griffin Amalemba. Amekuja kuchukua vitu vyake. Nikasema ni sawa. Mtu alale mahali anapoweza kulala.

Nilimsaidia kukunja mablanketi. Tulifunga sufuria zake kwa shuka, yeye akishika ncha mbili na mimi mbili. Hatukuongea sana. Griffin alibeba godoro.

Kwenye gari akasimama, mkono juu ya mlango.

"Nimesikia kuna mama mwingine. Aliyefura."

"Mama Masinde. Amebadilishiwa dawa."

"Na mke mwenzake?"

"Alienda kwake juzi. Alifunguliwa mlango. Zaidi ya hapo sijui."

Akaitikia kwa kichwa.

"Na wewe ukifura tena, Mwalimu, utampigia nani?"

"Simiyu yuko karibu."

"Mpigie Simiyu," akasema. Akaingia, akavuta mlango, kisha akateremsha kioo. "Halafu unipigie na mimi."